Saa sita zilizopotea: kisa cha seva ya mazungumzo ya zahanati tatu mkoani Tanga

Mazingira

Taasisi inayozungumzwa hapa inaendesha zahanati tatu mkoani Tanga: moja katikati ya mji, ndiyo kituo kikuu, ya pili pembezoni mwa mji, ya tatu wilayani. Majina ya taasisi, vituo na watu nimeyaondoa, na mambo machache yasiyogusa ufundi nimeyabadilisha ili mtu asitambulike. Mimi ndiye niliyeijenga seva, yaani kompyuta inayopokea ujumbe wa watumishi na kuusambaza, na ndiye niliyeitwa ilipoleta matatizo, kwa hiyo baadhi ya makosa yatakayosimuliwa ni yangu.

Kabla ya seva, mawasiliano yote ya kazi yalipita kwenye makundi ya WhatsApp. Picha za majibu ya maabara, majina ya wagonjwa, orodha ya zamu, dawa zilizoisha, salamu za Ijumaa na michango ya harusi, vyote humo humo. Mtumishi akiacha kazi, picha zilibaki kwenye simu yake.

Mambo mawili ndiyo yaliyomfanya mganga mfawidhi atafute njia nyingine. La kwanza ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, ambayo inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. La pili ni Jumapili ya Mei 12, 2024, kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika na intaneti ikazorota Afrika Mashariki. Siku ile mtu wa mapokezi na mtu wa maabara, waliotenganishwa na ukuta mmoja, hawakuweza kutumiana ujumbe, kwa sababu ujumbe wao ulipaswa kuvuka bahari kwanza ndipo urudi chumba cha pili. Mganga mfawidhi aliniuliza swali moja tu: "Fundi, hakuna namna ujumbe wetu ukaishia hapa hapa?"

Tulichojenga, na kwa nini

Namna ipo. Nilianza kwa kujaribu Synapse, programu ya seva ya Matrix, mmoja wa mifumo huria ya kutumiana ujumbe. Ilifanya kazi, lakini ilikula kumbukumbu nyingi mno kwa kompyuta ndogo tuliyokuwa nayo, Raspberry Pi 4 yenye RAM ya GB 4. Nikageukia Prosody, seva ya XMPP. XMPP ni mfumo wa zamani wa kutumiana ujumbe, ulianza mwaka 1999 kwa jina la Jabber, na kwa kazi hii uzee wake ni sifa: ni mwepesi, unaeleweka, na programu zake za simu zimekomaa. Watumishi tuliwawekea Conversations kwenye simu za Android na Gajim kwenye kompyuta za mapokezi.

Ugumu ulikuwa kuifikia seva kutoka nje. Nilifungua poti 5222, yaani mlango wenye namba ambao XMPP huupitia, kwenye ruta ya kituo kikuu, nikajaribu kutoka kituo cha pili, kimya. Nilipoteza mchana mzima kabla ya kutazama anwani ambayo ruta yenyewe imepewa: ilianza na 100.72. Anwani zote kuanzia 100.64 hadi 100.127 zimetengwa kwa ajili ya mitandao inayowaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Ukiona hivyo, hata ufungue poti zote za ruta yako, hakuna atakayeingia, maana mlango wa nje si wako.

Njia rahisi ingekuwa kukodi seva nje ya nchi na kuiweka Prosody huko. Tulikataa kwa makusudi. Taarifa za wagonjwa zingeondoka Tanga, na siku kebo ikikatika tungerudi pale pale. Tukakodi seva ndogo ya nje kama mlango tu, tukaiunganisha na Pi kwa handaki la WireGuard, yaani njia ya siri iliyosimbwa ndani ya intaneti. Anayetuma kutoka kituo cha pili anagonga mlango wa nje, anapitishwa handakini hadi Tanga mjini. Aliye ndani ya kituo kikuu anaelekezwa na ruta moja kwa moja kwenye Pi, hatoki kabisa. Kwa kuwa handaki hilo ni aina ya VPN, na Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano ilitangaza kwamba wanaotumia VPN watoe taarifa, taasisi iliwasilisha taarifa yake kabla hatujawasha chochote.

Kuna jambo nililifanya siku hiyo ambalo sikulipa uzito. Kwa kuogopea taarifa za wagonjwa, niliifunga fayawoli ya Pi, ukuta unaochuja kinachoingia na kutoka, isitoe chochote isipokuwa poti nilizoziorodhesha. Niliandika ya WireGuard, za wavuti, ya DNS inayotafuta anwani za majina ya intaneti. Poti 123, ambayo kompyuta huitumia kuuliza saa, sikuiandika.

Pamoja na seva tulipitisha utaratibu mmoja wa kikazi, na huu ulikuwa wa mganga mfawidhi mwenyewe: ujumbe wa dharura usipojibiwa ndani ya dakika tano, piga simu.

Miezi ya kwanza

Matatizo ya mwanzo yalikuwa yale yanayompata kila mtu. Simu za bei nafuu zilikuwa zinaizima Conversations usiku ili kuokoa betri, ikabidi tupite simu moja moja kuiruhusu iendelee. Siku ya 90 baada ya uzinduzi, asubuhi, simu zote zilikataa kuunganishwa. Cheti cha Let's Encrypt, hati ya kidijitali inayoithibitisha seva kwa simu, wakati huo kilidumu siku 90. Certbot, programu inayohuisha cheti, ilikuwa imeshakihuisha mwezi mmoja nyuma, lakini Prosody ilikuwa bado imeshika cha zamani kwa sababu hakuna aliyeiambia kwamba kuna kipya. Dawa yake ni kuweka amri ya `prosodyctl --root cert import /etc/letsencrypt/live` kwenye folda ya certbot ya mambo ya kufanya baada ya kuhuisha. Ilichukua robo saa. Sina zaidi la kusema juu ya hayo.

Handaki linagoma

Kisha ulikuja msimu wa umeme kukatika. UPS, betri ya akiba, ilikuwa inashikilia dakika ishirini, halafu Pi inazimika ghafla. Umeme ukirudi, Pi inawaka, Prosody inawaka, kituo kikuu wanazungumza vizuri, lakini kituo cha pili na cha tatu hawapati kitu. Handaki haliinuki. Mara hii dakika kumi, mara ile dakika hamsini, halafu linapona lenyewe bila mtu kuligusa.

Nikagundua kwamba nikiizima WireGuard upande wa seva ya nje na kuiwasha tena, handaki linainuka papo hapo. Nikaamua kosa liko huko nje. Nikahama kwenda kampuni nyingine ya kukodisha seva. Siku ya kuhama kila kitu kilikwenda vizuri, nikamwambia mganga mfawidhi kwamba tumemaliza. Umeme ulipokatika tena, handaki likagoma tena.

Sikuwa bado nimeunganisha tatizo hili na lile la pili, ambalo lilikuja kwa sura ya malalamiko ya watu. "Daktari, nilikutumia jana." "Hukunitumia." "Nimekutumia, tazama." Aliyetuma anauona ujumbe kwenye simu yake, aliyetumiwa anasema haupo. Ukipandisha juu kwenye mazungumzo unaukuta, umekaa katikati ya ujumbe wa jana yake. Watu walianza kushukiana.

Barua ya kujieleza

Usiku mmoja, kituo cha pili, mama alimleta mtoto mwenye degedege. Muuguzi wa zamu alimhudumia, akatuma ujumbe kwa tabibu aliyekuwa wa kuitwa usiku ule. Tabibu alikuwa amebadilisha simu wiki hiyo, na simu mpya haikuwa imeruhusiwa kuiacha Conversations wazi, ujumbe haukumfikia. Muuguzi alisubiri dakika tano kama utaratibu unavyosema, akapiga simu. Tabibu alipokea, alitoa maelekezo, mtoto akapelekwa hospitali. Alipona.

Asubuhi tabibu alifungua Conversations, na ujumbe ukaingia. Juu yake umeandikwa 9:02 PM.

Kwenye simu hiyo hiyo, orodha ya simu zilizopigwa ilionyesha kwamba muuguzi alipiga 3:11 AM. Ofisi ikajumlisha: muuguzi aliandika saa tatu usiku, akakaa na mtoto mwenye degedege hadi saa tisa usiku ndipo apige simu. Saa sita. Niliulizwa kama fundi, nikafungua logi za seva, kumbukumbu inazojiandikia yenyewe, nikakuta ujumbe umeandikwa 21:02. Nikaandika hivyo kwa mkono wangu: seva inathibitisha saa tatu na dakika mbili usiku. Siku iliyofuata muuguzi akapewa barua ya kujieleza.

Naliandika hili polepole kwa sababu ndilo zito kuliko yote katika kisa hiki. Mtu aliyefuata utaratibu sawasawa aliandikiwa barua, na ushahidi uliotumika niliutoa mimi.

Daftari la zamu

Muuguzi hakubishana na seva. Alikuja ofisini na kaunta buku la zamu, lile la jalada gumu, kona zake zimeliwa na unyevu, ukurasa wa usiku ule una doa la kahawia la iodini. Peni imefungwa kwenye uti wa kitabu kwa kipande cha bendeji ili isiibwe. Mistari mitatu, mwandiko ulionyooka:

*9:01 mtoto amefika, degedege.*
*9:06 nimemwandikia Dk.*
*9:11 nimempigia, amepokea.*

Mtu wa utawala, aliyezoea saa za kompyuta, aliona 9:06 kwenye daftari na 9:02 PM kwenye simu akasema ni hiyo hiyo tisa, daftari lenyewe linakubaliana na seva. Nami kwa muda niliona hivyo hivyo. Tofauti ya dakika nne hakuna aliyeijali.

Muuguzi akaweka kidole kwenye mstari wa tatu. "Fundi, mimi naandika saa ninayoiona ukutani, saa yetu. Kama hii tisa ya juu ni saa tatu, na hii ya chini nayo ni saa tatu. Mbona simu ya daktari inasema nilimpigia alfajiri?"

Hapo ndipo lilipoanguka lote. Mistari ilipishana dakika tano, imeandikwa na mkono mmoja kwa saa moja ya ukutani. 9:11 ya daftari ni 3:11 AM ya orodha ya simu, na orodha ile saa yake imetoka kwenye mtandao wa simu, haikupita kwangu. Basi 9:06 ni 3:06 AM. Aliyesema 21:02 ni seva peke yake. Ilikuwa nyuma saa 6 na dakika 4, na bahati mbaya iliyoje kwamba upungufu huo unakaribia kabisa tofauti ya saa ya Kiswahili na ya Kizungu. Ungekuwa saa nne au tano, tarakimu zingegongana na mtu angeshtuka siku ya kwanza.

Nilikwenda kituo kikuu kwa bodaboda, nikaandika `timedatectl`, amri inayoonyesha saa ya kompyuta. Mstari wa saa ulionyesha asubuhi mapema. Nje ya dirisha jua lilikuwa la mchana. Chini yake: *System clock synchronized: no*.

Chanzo

Raspberry Pi 4 haina saa yenye betri. Ikizimwa, haijui muda gani umepita. Badala yake ina kiprogramu kiitwacho fake-hwclock ambacho kila baada ya saa moja huandika kwenye faili muda wa wakati huo, na Pi ikiwaka huanza kuhesabu kutoka pale. Kawaida hilo halidhuru, kwani baada ya sekunde chache inauliza saa kwenye intaneti na kujirekebisha. Yangu haikuweza kuuliza, kwa kuwa poti 123 niliifunga. Umeme ukikatika kwa muda wa saa tatu, Pi inapoteza saa tatu na dakika kadhaa za faili la zamani, na hakuna wa kuirudishia. Ukikatika tena, inapoteza tena juu ya hizo.

Kwa nini watu wengine waliona saa sahihi? Ujumbe wa XMPP unaopokelewa papo hapo haubebi saa. Simu inayoupokea ndiyo huugonga muhuri wa saa yake. Ujumbe uliochelewa, unaotolewa ghalani kwa seva, ndio unaokuja na muhuri wa seva. Kwa hiyo aliyekuwa hewani aliona kweli, na aliyerudi baadaye aliona saa ya uongo, na simu yake ikaupanga ujumbe huo juu, kati ya ule wa zamani. Hakuna ujumbe uliopotea hata mmoja. Ulikuwa umejificha.

Na handaki? WireGuard kila inapoomba kuunganishwa hutuma na saa ya sasa, na upande wa pili hukumbuka saa ya mwisho aliyoiona; ombi lenye saa ya nyuma ya hiyo analitupa, ili adui asirudie ombi la zamani alilolinasa. Pi iliporudi na saa ya faili, iliyokuwa nyuma ya saa yake yenyewe ya kabla ya kuzimika kwa dakika hadi 59, seva ya nje ilimwona kama mwizi mwenye ombi la zamani, ikanyamaza hadi saa ya Pi iipite ile ya mwisho. Ndiyo maana lilikuwa linapona lenyewe. Nilipoizima WireGuard ya nje nilikuwa naifutia kumbukumbu, na nilipohamia kampuni mpya nilipata seva isiyokuwa na kumbukumbu yoyote. Kampuni ya kwanza haikuwa na kosa.

Marekebisho

Niliruhusu poti 123 na kusimika chrony, programu inayorekebisha saa kupitia intaneti. Hiyo peke yake haikutosha, maana umeme unaporudi intaneti ya faiba huchelewa, na dakika hizo Pi ingekuwa tena gizani. Tukanunua kisaa cha DS3231, kibao kidogo chenye betri ya CR2032, nikakichomeka kwenye pini za Pi, nikaandika `dtoverlay=i2c-rtc,ds3231` kwenye faili la usanidi na kuondoa fake-hwclock. Kisaa hicho hukosea karibu dakika moja kwa mwaka. Anayeanza leo na Raspberry Pi 5 ana saa tayari ndani, anachohitaji ni kununua betri yake tu.

Tulijadiliana kama tuzirekebishe saa za ujumbe uliokwisha hifadhiwa. Kwa hesabu ingewezekana. Nilishauri tusiguse. Ni kumbukumbu zinazohusu wagonjwa, na mtu akishaanza kuzisahihisha kwa nia njema, hakuna atakayejua wapi aliishia. Badala yake tuliandika taarifa ya ukurasa mmoja inayotaja tarehe ambazo saa za seva zisiaminike, ikasainiwa na mganga mfawidhi na kuwekwa kwenye jalada.

Barua ya kujieleza iliondolewa kwenye faili la muuguzi, naye akapewa barua nyingine ya kukiri kosa la ofisi. Maelezo yangu ya kwanza niliyafuta kwa maandishi mapya yenye sahihi yangu.

Uchambuzi

Kilichowaokoa wagonjwa muda wote huo hakikuwa seva. Ni dakika tano za mganga mfawidhi. Angesema "dharura zote ziandikwe kwenye mfumo mpya", kama nilivyowahi kusikia mahali pengine, kisa hiki kingekuwa na mwisho mwingine. Uamuzi wa kuiweka seva Tanga nao ulilipa: mara zote handaki lilipogoma, kituo kikuu kiliendelea na kazi bila kujua kuna tatizo.

Upande wa makosa, fayawoli yangu haikuwa kosa la wazo. Ilikuwa kosa la kutokuipima. Tuliijaribu seva kwa kutuma ujumbe, picha, sauti. Hatukuijaribu kwa kuchomoa waya wa umeme, na Tanga umeme kukatika si ajali, ni sehemu ya mazingira. Jaribio la nusu saa lingeonyesha yote mawili, saa na handaki.

Kosa la pili ni kuridhika na dawa bila kujua ugonjwa. Kuizima na kuiwasha WireGuard kulifanya kazi kila mara, na kila mara kulinisogeza mbali zaidi na chanzo. Swali nililopaswa kujiuliza ni kwa nini lilikuwa linapona lenyewe, na kwa nini muda wa kupona ulibadilika lakini haukuwahi kuzidi saa moja. Jibu lilikuwa ndani ya namba hiyo.

La tatu ndilo ninalolichukua kwenda nalo kila kazi tangu hapo. Ofisi iliponiuliza saa ya ujumbe, niliiuliza seva habari za seva. Logi na muhuri wa ujumbe vilitoka kwenye saa moja, kwa hiyo kukubaliana kwao hakukuthibitisha lolote. Ni shahidi mmoja aliyeongea mara mbili. Daftari na orodha ya simu vilikuwa mashahidi wawili kweli, kila mmoja na saa yake. Kabla ya kutoa neno litakalomgusa mtu kazini kwake, tafuta saa ambayo haikupita mikononi mwako.

Anayefikiria kujenga seva yake nami nampa moyo, kwa sharti awepo mtu mwenye jina na zamu ya kuitazama. Kwetu kazi hiyo tumeigawa. Kila siku saa moja kamili asubuhi seva inatuma ujumbe mmoja kwenye chumba cha kila kituo: "Saa yangu ni 1:00 asubuhi." Inaandika kwa saa yetu, hilo nililibadilisha kwa ombi la muuguzi yule. Anayekabidhi zamu anainua macho ukutani, anatazama, kisha anaandika "sawa" kwenye kaunta buku.